Toni na Uzi: Nanga ya Mnong'ono ya Burundi na Funzo Lake kwa Unukuzi wa Fasihi Simulizi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza uhusiano wa lugha na upigaji wa nanga, ala ya nyuzi ya eneo la Maziwa Makuu, kwa kuzingatia zaidi mtindo wa Burundi ambamo mpigaji hunong'ona matini badala ya kuyaimba. Hoja kuu ni kwamba katika mtindo huo ala si pambo la maneno, bali imebeba sehemu ya maneno yenyewe. Mnong'ono huondoa kidatu cha sauti. Kirundi ni lugha ya toni. Kwa hiyo uzi ndio unaomletea msikilizaji kile ambacho koo limekiacha. Hoja hiyo ikikubaliwa, matini ya nanga yaliyonukuliwa kwa maneno matupu ni matini pungufu kiisimu, na si kimuziki tu. Sehemu ya mwisho inapendekeza utaratibu wa kurekodi na kunukuu utakaopunguza upungufu huo.

1.0 UTANGULIZI

Ni desturi ya muda mrefu kwa wakusanyaji wa fasihi simulizi kuyatenga maneno na ala. Mtafiti hurekodi utendi, huunukuu, huutafsiri na kuuchapisha; kisha katika dibaji hutaja kwa sentensi mbili tatu kwamba mtambaji aliusindikiza kwa ala fulani. Mwanamuziki naye hushughulikia nyuzi, mizani ya mapigo na mpangilio wa sauti, akayaachia maneno wanafasihi. Mgawanyo huu una manufaa yake ya kiutendaji, lakini umejengwa juu ya dhana ambayo ni nadra kuhojiwa, nayo ni kwamba maneno hukamilika bila ala.

Dhana hiyo yaweza kuwa sahihi kwa baadhi ya tanzu. Makala haya yanadai kwamba si sahihi kwa nanga ya mnong'ono, na kwamba kosa hilo lina gharama. Mtambaji akishafariki, karatasi iliyobaki haiwezi kurudisha kile ambacho haikunukuu tangu awali.

2.0 NANGA: UMBO LAKE NA NAMNA INAVYOPIGWA

Katika uainishaji wa ala uliotolewa na E. M. von Hornbostel na C. Sachs mwaka 1914, ambao hadi leo ndio unaotumiwa zaidi na wanamuziki, ala za nyuzi zimegawanywa katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni la ala sahili, yaani zile ambazo nyuzi zake zimetandazwa juu ya kibebeo kimoja tu, na kama kuna chombo cha kukuza mvumo, chaweza kuondolewa bila kuiharibu ala. Kundi la pili ni la ala changamano, ambazo kibebeo cha nyuzi na chombo cha mvumo ni viungo visivyotenganika: humo mna udi, gita, fidla na kinubi. Kwa maneno mepesi, ala za kundi la kwanza hazina shingo wala mikono; nyuzi hupita juu ya mwili wa ala kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Nanga ni ya kundi la kwanza. Hii si ala iliyojitenga kiukoo. Ganuni inayopigwa katika taarabu ya Unguja ni ndugu yake wa mbali, na kadhalika santuri ya Irani ambayo nyuzi zake hugongwa kwa vijiti. Kinachoipambanua nanga ni umbo lake la kihori. Kipande kimoja cha mti huchongwa na kukombwa mpaka kikawa mfano wa sinia refu lenye kina kifupi. Katika ncha zote mbili hukatwa pengo, na uzi mmoja mrefu huzungushwa kwenda na kurudi kupitia mapengo hayo, hata uzi huo mmoja ukawa safu ya nyuzi nyingi zilizo sambamba. Idadi ya safu hutofautiana kati ya mahali na mahali. Saba na nane ni za kawaida. Zamani uzi ulitengenezwa kwa mishipa au matumbo ya ng'ombe; siku hizi nailoni na waya pia hutumika.

Kwa kuwa uzi ni mmoja, kuirekebisha nanga ni kazi ya subira. Mpigaji huuvuta uzi kipande kwa kipande, na kukaza safu moja huweza kuilegeza jirani yake. Mara nyingi sauti zinazopatikana ni tano, na baadhi ya safu hurudia sauti ileile katika ngazi ya juu au ya chini. Mpigaji hukaa kitako, akaipakata ala au kuiegemeza mwilini, na kuzidonoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Sauti ya nanga ni ya chini na ya upole. Si ala ya uwanjani. Ni ya watu waliokaa karibu, aghalabu jioni, ambao wamekusudia kusikiliza.

Sifa mbili za kifonetiki za uzi uliodonolewa zinahusika moja kwa moja na hoja inayofuata. Kwanza, sauti yake huanza ghafla kisha hufifia. Kwa hiyo mwanzo wa kila pigo ni bayana, na waweza kuwianishwa na silabi. Pili, pigo moja hutoa kidatu kimoja. Uzi ulio wazi hautelezi kwa urahisi kutoka juu kwenda chini kama ifanyavyo sauti ya mwanadamu.

3.0 JINA NA KITENZI

Mzizi -nanga unapatikana katika eneo pana. Katika Kirundi na Kinyarwanda ala hii ni inanga. Katika Kihaya na Kinyankore ni enanga. Nayo lulanga ya Wabashi wa Kivu, mashariki ya Kongo, ni ala ya aina hiyohiyo. Hata hivyo, katika Kiganda ennanga ni kinubi, yaani ala yenye shingo iliyopinda na nyuzi zinazoinuka kutoka kwenye kasha la mvumo. Jina ni moja, umbo ni mbali. Kwa upande mwingine, ligombo ya Wahehe, ambayo Hugh Tracey aliirekodi Iringa mwaka 1950, ni ala ya kihori kama nanga, lakini jina lake ni la mzizi mwingine kabisa. Kwa hiyo mfasiri hawezi kuliamini jina peke yake.

Kiswahili kina utata wa namna hiyohiyo. Neno zeze hutumiwa kwa ala ya ubao mwembamba wenye kibuyu na nyuzi chache za kudonolewa, na pia kwa izeze ya Wagogo inayosuguliwa kwa upinde, ambayo Hukwe Zawose (1938–2003) aliipeleka katika majukwaa ya dunia. Neno kinanda nalo limehama kutoka ala ya nyuzi ya zamani hadi ogani, piano na hata gramafoni. Kuitafsiri inanga kwa 'zeze', 'kinanda' au 'kinubi' ni kumpotosha msomaji. Inafaa neno nanga lenyewe litumike katika Kiswahili, ingawa lina mwenzake wa homonimia katika nanga ya chombo cha baharini. Muktadha hautaruhusu mkanganyiko: hakuna nahodha atakayetia nanga ya nyuzi baharini.

Kitenzi nacho kinastahili kutazamwa. Kiswahili husema kupiga nanga, kama isemwavyo kupiga ngoma, filimbi au gita. Kihaya hufanya vivyo hivyo: mtambaji ni omuteezi w'enanga, yaani mpiga nanga, kutokana na kitenzi okuteera 'kupiga'. Kinyarwanda, kwa upande wake, kina kitenzi mahususi gucuranga, na kutokana nacho mtendaji ni umucuranzi. Tofauti hii ni ndogo, lakini inakumbusha kwamba istilahi za wapigaji wenyewe zinapaswa kukusanywa kwanza, kabla ya kuzivika istilahi za kigeni.

4.0 TONI, MNONG'ONO NA UZI

4.1 Kile kinachoondolewa na mnong'ono

Kirundi, kama Kinyarwanda, hupambanua maana kwa toni. Neno linaloandikwa inda laweza kumaanisha 'tumbo' au 'chawa', na kinachotenganisha maana hizo katika usemaji ni toni. Othografia ya kawaida haionyeshi toni wala urefu wa irabu; msomaji mzawa huzijaza mwenyewe kutokana na muktadha. Aidha, toni katika lugha hizi haiishii katika kupambanua maneno tu: ina kazi katika njeo za vitenzi na katika vishazi rejeshi. Kwa hiyo asiyesikia toni hapotezi neno moja moja tu. Hupoteza pia sehemu ya sarufi.

Katika usemaji wa kawaida, kidatu hutokana na mtetemo wa nyuzi za sauti kooni. Katika mnong'ono nyuzi hizo hazitetemi kwa mpangilio. Hewa hupita katika upenyo na kufanya mvumo usio na masafa ya msingi. Ulimi na midomo huendelea na kazi yao, kwa hiyo irabu na konsonanti hutambulika kwa kiasi kikubwa, ingawa tofauti ya ghuna na sighuna hudhoofika. Kinachopotea zaidi ni kidatu. Ni kweli kwamba katika lugha za toni mnong'ono hubakiza dalili kadhaa za pembeni, kama vile muda na nguvu ya silabi. Dalili hizo husaidia, lakini hazitoshi kuchukua nafasi ya kidatu.

Hapo ndipo lilipo swali la makala haya. Kwa nini jamii yenye lugha ya toni iwe na sanaa ya kutamba kwa mnong'ono, ilhali mnong'ono hukata kile hasa ambacho toni hukihitaji?

4.2 Kile kinachorudishwa na uzi

Jibu limo mikononi mwa mpigaji. Katika nanga ya mnong'ono, ambayo ilifahamika nje ya Burundi kwa sehemu kutokana na rekodi za Michel Vuylsteke za mwaka 1967, mpigaji hudonoa nyuzi sambamba na silabi anazozinong'ona. Cornelia Fales, aliyeuchunguza mtindo huu kwa vipimo vya kiakustika na kuandika juu yake katika miaka ya 1990 na tena mwaka 2002, ameonyesha kwamba msikilizaji hasikii vitu viwili vilivyowekwa bega kwa bega. Husikia sauti moja: mnong'ono huonekana kana kwamba umepata kidatu, na nanga huonekana kana kwamba inatamka. Kinachotoka mdomoni na kinachotoka mtini huungana sikioni.

Muungano huo una sababu za kifizikia. Nguvu ya mnong'ono imeelemea masafa ya juu, na masafa ya chini ni hafifu. Nanga, kinyume chake, ina nguvu katika masafa ya chini. Kwa hiyo vyanzo hivi viwili havizimani. Kila kimoja kinakaa mahali ambapo mwenzake hayupo. Ikiwa mwanzo wa pigo unakaribiana na mwanzo wa silabi, sikio lina kila sababu ya kuvichukulia kuwa ni kitu kimoja.

Kwa lugha ya isimu, huu ni mgawanyo wa kazi. Mdomo unatoa vipande sauti, yaani irabu na konsonanti; uzi unatoa sifa ya kiarudhi, yaani kidatu. Hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo kilicho usemi kamili peke yake.

4.3 Mipaka ya hoja

Hoja hii isichukuliwe kwamba kila toni ya juu ina uzi wake na kila toni ya chini ina wake. Toni ni suala la ulinganifu. Silabi ya toni ya juu iko juu ukilinganisha na jirani zake, si kwa kipimo kisichobadilika. Na katika lugha nyingi za Kibantu toni ya juu inayofuata ya chini hushuka kidogo kuliko ya juu iliyotangulia. Nanga yenye sauti tano inaweza kufuata mkondo huo wa kupanda na kushuka kwa njia zaidi ya moja.

Vilevile, muziki una sheria zake. Tafiti zilizofanywa juu ya lugha za toni barani Afrika na Asia, ambazo Murray Schellenberg alizipitia kwa pamoja mwaka 2012, zinaonyesha kwamba tuni na toni huafikiana kwa kiwango kinachozidi bahati nasibu, lakini kiwango hicho hutofautiana sana kati ya lugha na lugha na kati ya utanzu na utanzu. Mwimbaji anayeimba kwa sauti ana nafasi ya kukiuka toni, maana muktadha utamwokoa. Mnong'onaji ana nafasi finyu zaidi. Yaweza kutarajiwa, basi, kwamba uafikiano utakuwa mkubwa zaidi katika nanga ya mnong'ono kuliko katika nanga ya kuimba. Hilo ni dai linaloweza kupimwa, na mtafiti atakayelipima atafanya kazi ya maana.

Suala jingine ni la toni pandishi na shushi juu ya irabu ndefu. Kwa kuwa uzi hautelezi, mpigaji ana njia mbili: kudonoa mara mbili, kila mora na pigo lake, au kuchagua kidatu kimoja na kuiacha mora ya pili. Uchaguzi wake ni ushahidi wa namna wazawa wanavyoichanganua irabu ndefu. Mpiga nanga, bila ya kusomea isimu, anaweza kuwa ametoa jibu kwa swali ambalo wanafonolojia hulibishania kwa kurasa nyingi.

5.0 ULINGANISHI NA SANAA NYINGINE

Thamani ya mfano wa Burundi huonekana zaidi ukilinganishwa na sanaa nyingine tatu.

Ya kwanza ni ngoma za kusema. J. F. Carrington, aliyeishi miongoni mwa Walokele karibu na Kisangani na kuchapisha kitabu chake juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alieleza kwamba mgogo wa mti hutoa toni za maneno bila irabu wala konsonanti. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zilezile, mpigaji hulazimika kutumia misemo mirefu iliyozoeleka ili neno moja litambulike. Ngoma, kwa hiyo, ina toni bila vipande sauti. Mnong'ono mtupu una vipande sauti bila toni. Nanga ya mnong'ono ina vyote viwili, ila vimegawanywa kati ya vyombo viwili. Ndiyo sababu mpiga nanga hahitaji misemo mirefu ya kufafanua: anaweza kusema jambo jipya na likaeleweka.

Ya pili ni nanga ya Wahaya wa mkoa wa Kagera. Tendi zake, kama vile Kachwenyanja na Rukiza, zimechunguzwa kwa kina na M. M. Mulokozi, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilithibitisha kwamba utanzu huu ni utendi kwa vigezo vyake wenyewe. Jina enanga hutumika kwa ala na pia kwa utendi unaotambwa kwayo. Jambo hilo lenyewe ni uchanganuzi wa wenyeji: ala na maneno ni kitu kimoja. Watambaji wa Kihaya, kama marehemu Habibu Selemani, waliimba na kusema kwa sauti, kwa hiyo koo lao lilibeba toni za Kihaya lenyewe. Hapo kazi ya uzi ni tofauti. Haijazi pengo la kidatu, bali hushika mwendo na kusemezana na sauti ya mtambaji. Itakuwa kosa kuuhamishia utendi wa Kihaya matokeo ya Burundi bila kuupima upya.

Ya tatu ni taarabu. Ganuni ya Unguja, inayofundishwa tangu mwaka 2002 katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ina nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti, na hupigwa kwa vidonoleo vinavyofungwa katika vidole vya shahada. Kiswahili sanifu hakina toni za kupambanua maneno. Kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo shairi moja laweza kutiwa katika tuni mbili tofauti na maana ya maneno isidhurike, madhali vina na mizani vimetunzwa. Mtafiti aliyelelewa katika mapokeo hayo ana hatari ya kudhani kwamba hali ndivyo ilivyo kila mahali. Uzoefu wa lugha isiyo na toni humfanya mtu asisikie kazi ambayo uzi unaifanya katika lugha yenye toni.

6.0 MAPENDEKEZO JUU YA KUREKODI NA KUNUKUU

Kutokana na yaliyoelezwa, mkusanyaji wa matini ya nanga anashauriwa kuzingatia hatua zifuatazo.

(a) Kabla ya utambaji, mpigaji aombwe kudonoa kila safu ya uzi peke yake, kuanzia upande mmoja hadi mwingine, na jina la kila safu lirekodiwe kama analo. Bila ya hatua hii haiwezekani baadaye kujua ni safu ipi iliyopigwa.

(b) Vitumike vinasasauti viwili, kimoja karibu na mdomo na kingine karibu na nyuzi, katika njia mbili tofauti za rekodi. Nanga na mnong'ono vikichanganywa katika njia moja, kuvitenganisha baadaye ni kazi ngumu.

(c) Baada ya utambaji, mpigaji huyohuyo aombwe kuyasema matini kwa sauti ya kawaida bila ala. Rekodi hii ndiyo kipimo cha toni ambacho nyuzi zitalinganishwa nacho. Mpigaji asilazimishwe kurudia neno kwa neno. Tofauti atakazoleta ni data pia.

(d) Unukuzi uwe wa mistari mitatu: wa kwanza vipande sauti, wa pili toni za usemaji, wa tatu namba za safu zilizodonolewa, kila moja chini ya silabi yake. Tafsiri iwe mstari wa nne.

(e) Wasikilizaji wazawa wasikilizishwe vifungu vifupi kwa namna tatu: mnong'ono peke yake, nanga peke yake, na vyote pamoja. Vifungu hivyo vichaguliwe viwe na maneno yanayotofautishwa kwa toni tu, na muktadha usiotoa jibu. Kiwango cha kutambua katika namna ya tatu kikizidi sana kile cha namna ya kwanza, hoja ya makala haya itakuwa imepata uthibitisho. Kisipozidi, itapaswa kurekebishwa.

Hatua hizi zinahitaji muda zaidi kuliko unukuzi uliozoeleka, na hazitawezekana kwa kila matini. Hata hivyo, hatua (a) na (c) hazina gharama yoyote isipokuwa dakika chache za mpigaji na adabu ya kumwomba. Mtafiti asiyeweza kufanya lolote jingine na afanye hizo mbili. Kwa rekodi za zamani ambazo wapigaji wake hawapo tena, bado inawezekana kuwakalisha wazawa wazee waisikilize rekodi na kuyasema matini kwa sauti. Hiyo ni badala iliyo pungufu, lakini si bure.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yamedai kwamba katika nanga ya mnong'ono ya Burundi lugha haimo mdomoni peke yake. Mpigaji ameukata usemi katika sehemu mbili, akaiacha moja katika pumzi na nyingine akaitia katika uzi, na msikilizaji ndiye anayezishona. Karatasi yenye maneno matupu imehifadhi sehemu moja tu. Haitoshi kusema kwamba imepoteza muziki; imepoteza toni, na katika Kirundi toni ni sehemu ya neno.

Mapokeo haya hayajakoma. Nchini Rwanda, kwa mfano, Sophie Nzayisenga alifundishwa nanga na baba yake, Thomas Kirusu, na kuipeleka mbele ya hadhira za nchi nyingi. Lakini ala inaweza kudumu huku namna fulani ya kuipiga ikitoweka, na mnong'ono ndio mwepesi zaidi kutoweka, kwa sababu unahitaji hadhira ndogo, ukimya, na wasikilizaji wanaoijua lugha barabara. Jukwaa na kipaza sauti huipendelea nanga ya kuimba. Kazi ya wanaisimu wa vyuo vikuu vya eneo hili ni kuufikia mnong'ono huo ungali na wenyewe, na wakiufikia, wasiandike nusu yake.